Nusu ya Chini ya Barua

Tume ya Kuchunguza Mambo Yaliyokwisha Kutokea imeniagiza niandike yote niyajuayo kuhusu kufunguliwa kwa zahanati ya Mbogani. Naandika kwa moyo mkunjufu, maana askari aliyeniletea agizo hilo amekaa kibarazani pangu tangu asubuhi, amevua kofia, na amesema haondoki mpaka nimalize. Ni mtu mwenye adabu. Amekwisha kunywa vikombe vitatu vya chai yangu na kila mara amesema ahsante.

Jina langu si kitu. Watu huniita Bwana Chapa, kwa kuwa miaka thelathini na mmoja nimekaa na taipureta yangu nje ya ofisi ya wilaya, nikiwaandikia barua wasiojua kuandika, na pia wanaojua kuandika ila hawajui kuandika kiserikali. Nchi yetu sitaitaja. Waliomo wanaijua, na walio nje nisingependa kuwatia hamu ya kuja.

Nianze na neno lenyewe. Wazungu walipoondoka walituachia nusu ya reli, kengele moja isiyolia, na neno la Kiingereza, nevathelesi. Reli iling'olewa na kengele ikaibiwa. Neno lilibaki kwa sababu halibebeki.

Kwa asiyelijua, nevathelesi ni "lakini" iliyovaa tai. Mtu wa kawaida akitaka kukunyima kitu husema, "Ningekupa, lakini sina." Serikali haiwezi kusema namna hiyo. Mwaka wa kwanza wa uhuru Bunge letu lilikaa siku kumi na moja likijadili kama tutumie neno letu wenyewe. "Lakini" lilikataliwa kwa sababu mjumbe mmoja alimsikia muuza dagaa akilitumia. "Ilhali" lilionekana la kishairi mno. "Hata hivyo" lilikaribia kushinda, ila Mkuu wa Mihuri akasimama kukumbusha kwamba hayo ni maneno mawili, kwamba kila neno rasmi sharti lipigwe muhuri wake, na kwamba mihuri iliyopo haitoshi. Basi nevathelesi likapita kwa makofi, na Spika akatokwa na machozi.

Sheria iliyotungwa siku hiyo inaendelea hadi leo. Kila barua ya serikali ina nusu mbili. Nusu ya juu ni sifa za mwananchi anayejibiwa. Katikati, kwenye mstari wake peke yake, kwa wino mwekundu, huandikwa Nevathelesi. Nusu ya chini ni uamuzi. Na kwa vile kazi ya neno hilo ni kutangaza kwamba linalofuata linapingana na lililotangulia, sheria ikaamuru kwamba chini sharti kupingane na juu. "Vinginevyo," alisema Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, "tutakuwa tumelidanganya neno la watu."

*

Wananchi walielewa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mtu akipokea barua haanzi juu. Huikunja kwenye mstari mwekundu, husoma chini, hukuta "haiwezekani," na huishia hapo. Nusu ya juu hukatwa ikafungiwa karanga. Mimi mwenyewe nimekula karanga nyingi zilizofungwa ndani ya maneno "uzalendo wenu unatunyima usingizi."

Wakubwa nao husoma nusu ya juu tu. Wana kazi nyingi, na nusu hiyo inaburudisha. Waziri akifika kwenye wino mwekundu hutia sahihi. Huko chini hajawahi kufika, na sidhani kama anajua kuna watu. Kwa hiyo nchi nzima husoma barua moja, kila upande na nusu yake, na amani imedumu.

Neno likaingia hadi majumbani. Hospitalini kwetu daktari akianza kumsifu mgonjwa, kwamba macho yana nuru na ngozi inang'aa, jamaa huanza kulia papo hapo. Jirani yangu mmoja alimwambia mkewe mezani, "Pilau limekolea, mke wangu, nyama imelainika, nevathelesi..." Hakumaliza. Sahani ilimfikia kabla ya nusu ya chini. Nilidhani wakati ule kwamba ni ugomvi wa mtu na mkewe tu. Kumbe lilikuwa somo, nami nililipita.

*

Bi Mashavu Kitwana ni mkunga wa Mbogani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Kijijini kwao walijenga zahanati kwa mikono yao. Matofali walifyatua wenyewe, mabati waliyapata kwa ufuta wa msimu mzima, na muuguzi alikuwa mzaliwa wa pale pale aliyekuwa tayari kurudi. Hata kitanda cha kuzalia kilikuja. Siku ile ile kilipowekwa mahali pake, alikuja pia ofisa wa wilaya na kufuli, akafunga mlango, akamwagia lakiri nyekundu juu ya kufuli, akaeleza kwa upole kwamba jengo lisilo na barua ya kufunguliwa ni jengo linalosubiri.

Lilisubiri miaka tisa. Kila mwaka Bi Mashavu alikuja kwangu, nikampigia chapa barua ya ombi, na kila mwaka lilirudi jibu. La tisa nakumbuka lote, kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikasoma hata juu. "Serikali imeinamisha kichwa mbele ya wananchi wa Mbogani, nguzo ya taifa, chumvi ya wilaya, ambao jasho lao lina harufu ya maendeleo. Nevathelesi. Ombi limekataliwa."

Mwaka wa kumi alikuja bila karatasi.

"Shikamoo, Bi Mashavu," nilimwamkia. Nimemzidi umri kidogo, ila alikuwa na uso wa kuamkiwa siku hiyo.

"Marahaba. Safari hii hatuandiki, Bwana Chapa. Tunakwenda."

"Tunakwenda wapi?"

"Huko barua zinakotoka. Wewe unajua lugha yao. Chukua kofia."

Mkwewe Tausi alikuwa na mimba ya miezi saba, na ilikuwa ya pili. Ya kwanza, uchungu ulimshika mvua inanyesha. Walimpeleka kwenye ngazi za zahanati kwa sababu pale kuna saruji na upenu wa bati, na Bi Mashavu akamzalisha hapo hapo, kitanda kikionekana dirishani. Mtoto hakukaa. Hapa naiomba Tume iniwie radhi, sina la kuchekesha. Kutoka ngazini mpaka kitandani ni hatua nne. Bi Mashavu alizihesabu baadaye kwa nje, ukutani, huku na huku.

"Maji ya moto yangekuwepo, na mashine ya kumvuta makamasi imo mle ndani kwenye boksi," aliniambia tukiwa njiani. "Sitaki kukiona tena kitanda kile kwa dirishani. Basi."

*

Wizara ya Majibu ni jengo la ghorofa sita. Ghorofa ya juu kabisa, penye zulia, anakaa Dakta Eliakimu Pambe, Mkurugenzi wa Nusu ya Juu, mtu ambaye kwa miaka ishirini hajaandika ila sifa. Alitupokea akiwa amesimama.

"Mama wa taifa," alianza, akiutazama mguu wa Bi Mashavu. "Vumbi hili! Hili si vumbi la hivi hivi. Hili ni vumbi la uzalishaji. Nimekaa katika ofisi hii nikilitamani."

"Mheshimiwa, tunaomba mlango ufunguliwe."

"Na ufupi wa maneno! Nimewaambia wasaidizi wangu mara ngapi, kajifunzeni kwa wakunga. Mkunga hana neno la kupoteza."

"Mlango, Mheshimiwa."

Dakta Pambe alihuzunika kweli. "Mama, hayo ni ya chini. Mimi naishia kwenye mstari. Nakuapia, tangu nizaliwe sijamkatalia mtu kitu chochote." Nilimtazama nikaona hasemi uongo. Alitusindikiza mpaka kwenye ngazi, akalisifu na taji la nywele zangu, ambalo halipo.

Nusu ya Chini ipo chini kweli, chini ya ngazi, baada ya chumba cha mafagio. Hapo tulimkuta karani mmoja, Bwana Lazaro Simbeye, mwenye miwani iliyofungwa uzi na miaka ishirini na sita kazini. Hakuwa amepata mgeni siku nyingi. Alifuta kiti kwa kitambaa chake cha jasho kabla ya kumkaribisha Bi Mashavu.

"Ni wewe unayetukatalia?" Bi Mashavu aliuliza.

"Nadhani ni mimi, mama. Mnatoka wapi?"

"Mbogani."

"Mlikuwa mnaomba nini?"

Bi Mashavu alinigeukia, akamgeukia tena karani. Ndipo Bwana Simbeye akatuonyesha kazi yake. Karatasi humfikia nusu ya juu ikiwa imekunjwa na kubanwa kwa pini, ili sifa zisimlainishe. Ombi lenyewe hubaki masijala. Yeye huona mstari mwekundu, nafasi tupu, na alama moja ambayo masijala huitia pembeni. Alama ya T ni tamu. Maana yake juu kumeandikwa mazuri, kwa hiyo sheria inamtaka chini atie machungu. Hapo hugonga muhuri wa OMBI LIMEKATALIWA. Alituonyesha muhuri huo. Mpini wake umelika na kuchukua umbo la kiganja chake.

"Na juu kukiwa kuchungu?" aliuliza Bi Mashavu.

Bwana Simbeye alivua miwani. "Haijatokea, mama. Serikali ikitaka kumtukana mwananchi humtukana kwa mdomo. Kwenye maandishi husifu."

"Nakuuliza, ikitokea?"

Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti la mwaka wa uhuru. Ulikuwa muhuri wa pili. Mpira wake ulikuwa mpya kabisa. Nikausoma kinyumenyume: OMBI LIMEKUBALIWA, LITEKELEZWE LEO.

"Masijala wakiweka C," alisema, "sheria hainiachii hiari. Lazima niugonge huu. Hata iwe nini kilichoombwa."

Bi Mashavu alisimama, akajifunga khanga vizuri. "Kwa hiyo shida yetu ni moja tu. Tutukanwe."

*

Mtu asiyejaribu hawezi kujua ilivyo kazi kutukanwa na mtu aliyezoea kusifu. Bi Mashavu alirudi juu akamwambia Dakta Pambe tai yake ni mbaya. Akasifiwa jicho. Alimwambia hotuba zake zinachosha. Dakta akamshukuru kwa uwazi wake, akasema huyu ndiye mwalimu wake. Mimi nikapiga chapa barua kwa jina la kijiji: "Sisi wa Mbogani ni wavivu, tunaiba mbuzi, na hatujapata kufagia tangu masika." Jibu lilikuja upesi. "Unyenyekevu wenu ni kioo cha taifa. Nevathelesi. Ombi limekataliwa." Hatukuwa hata tumeomba.

Wakati huo Tausi aliingia mwezi wa nane, akaumaliza.

Sasa ikakaribia Siku ya Neno, sikukuu yetu kubwa, ambapo wizara zote hukusanyika uwanjani mbele ya Rais, na mwananchi mmoja hupandishwa jukwaani kuishukuru serikali. Maneno yake huandaliwa. Humsifu kiongozi fulani, hutamka neno, kisha humalizia kwa nusu ya chini iliyoidhinishwa: "shukrani zetu bado hazitoshi." Watu husinzia wakati wa nusu ya juu, kama walivyozoea, na huamka kwenye neno. Mwaka huu anayesifiwa alikuwa Dakta Pambe, na mwenyewe akaombwa amchague wa kumsifu. Alimchagua Bi Mashavu, kwa ule ufupi wake wa maneno.

Alipanda na khanga yake ya kutokea. Nilikuwa mstari wa tatu.

"Dakta Pambe ni mtu msafi," alisema Bi Mashavu kwa ile sauti ya watu watatu. "Anavaa vizuri. Ana adabu. Nyumbani kwake wanampenda, na wizarani wanamheshimu. Nevathelesi."

Uwanja mzima ukaamka.

Bi Mashavu akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani, akasema, "Ahsanteni," akashuka, akaja kukaa karibu yangu.

Watu elfu nane walikuwa wanasubiri nusu ya chini, na haikuja. Rais alimwinamia Waziri, Waziri akamwinamia Katibu, Katibu hakuwa na wa kumwinamia. Jukwaani Dakta Pambe alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu uso wake haukuwa na jambo jingine la kufanya.

Kufikia adhuhuri wananchi walikuwa wameshaijaza nafasi ile wenyewe. Sokoni walisema ana mke wa pili. Mafundi cherehani walisema suti zile ni za kuazima. Wizarani walisema mengi zaidi, na baadhi yalikuwa ya kweli. Mkewe aliweka mikono kiunoni akamuuliza, "Nevathelesi nini, baba watoto?" Mama yake mzazi alipiga simu kutoka kijijini, akasema neno moja tu: "Mwanangu." Kisha akakata.

Siku ya pili alituita. Kola yake ilikuwa imepinda.

"Mama, naomba umalizie."

"Nimemaliza, Mheshimiwa."

"Hukumaliza. Ulisema nevathelesi. Nevathelesi nini?"

"Nevathelesi basi."

"Sema lolote! Sema mimi ni mwizi. Sema nakoroma. Mtu anaweza kuishi na hilo."

"Mheshimiwa, mimi siwezi kumtukana mtu mwenye adabu kama wewe," alisema Bi Mashavu, na akaaga.

*

Siku ya nne Dakta Pambe alivua koti, akachukua kalamu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika kurasa tatu kuhusu Mbogani. Naiweka hapa sehemu ndogo tu, kwa heshima ya Tume. "Wananchi wa Mbogani ni wakaidi, wachokozi na wachawi wa maneno. Shukrani hawaijui. Mbuzi wao wana macho ya kiburi. Mkunga wao ni mfupi kwa makusudi. Katika miaka ishirini ya kulipamba taifa hili sijakutana na watu wasiostahili kitu kama hawa." Akaliandika neno kwa wino mwekundu kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Waliomwona wanasema alitoka pale uso umemchangamka, akaagiza chakula.

Masijala waliisoma, wakaisoma tena, wakaitana. Hakuna aliyekumbuka alama ya pili inaandikwaje. Ilibidi waitafute kwenye kanuni. Kwenye jalada la Mbogani ombi lilikuwa lile lile la zahanati, basi wakaiandikia namba yake, kisha wakatia C, ndogo, kwa penseli, wakaitupia chini.

Bwana Simbeye aliniambia baadaye kwamba aliitazama kwa muda mrefu sana. Alifungua droo. Alifungua gazeti. Wino wa kidau chake ulikuwa wa muhuri mwingine, akaona si heshima kuuchanganya, akaenda kuazima mpya ghorofa ya pili. Akarudi, akapangusa meza, akagonga. "Nililia, Bwana Chapa," alisema. "Mzee mzima. Sikujua hata nimekubali nini." Waziri alisoma nusu ya juu, akacheka mpaka akakohoa, akasema hatimaye wizara imepata mwandishi, akatia sahihi alipofika kwenye wino mwekundu.

Barua ilifika Mbogani asubuhi ya Alhamisi. Waliikunja wakasoma chini. Wengine walidhani ni ya kughushi. Ofisa wa wilaya alikuja na ufunguo ambao haukuingia, maana lakiri ilikuwa imeingia kwanza, na ikabidi aivunje kufuli ya serikali kwa jiwe la wananchi. Tausi alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alikuwa amekaa kwenye zile ngazi; alikataa kukaa pengine. Mlango ulipofunguka alisimama, akamshika mkono mama mkwe wake, akaingia kwa miguu yake. Nilikuwa nyuma yao. Hatua nne.

Mtoto ni wa kike, na analia vizuri.

Jioni Bi Mashavu aliniomba niwasomee nusu ya juu. Watu walikusanyika uani mwa zahanati nikawasomea kurasa zote tatu, na sijapata kuona watu wakifurahi kutukanwa namna ile. Nilipofika kwenye mbuzi walinirudisha nirudie. Nusu hiyo hawakuifungia karanga. Wameitia kwenye fremu, ipo ukutani juu ya kitanda.

*

Yaliyofuata Tume inayajua. Watu wamejipanga nje ya Wizara ya Majibu wakiomba watukanwe. Dakta Pambe yuko likizo, anaendelea vizuri, na nasikia amemtukana mpaka daktari wake. Jumatatu Bunge limepitisha sheria mpya: ni kosa kwa mtu yeyote kutamka au kuandika nevathelesi kisha akanyamaza. Mwenye kulianza sharti alimalize, mbele ya mashahidi.

Tume inataka hasa kujua Bi Mashavu alikuwa na nia ya kusema nini uwanjani. Nilimuuliza. Alikuwa anaanua nepi.

"Niliambiwa nitoe sifa, nikatoa," alisema. "Hayo mengine wameyajua wenyewe. Nani aliwaambia?"

Hayo ndiyo niyajuayo. Askari amevaa kofia na anasubiri nitie sahihi, nami sipendi kumchelewesha. Ila maelezo haya yanakwenda serikalini, na barua ya kwenda serikalini lazima iwe na nusu zake, kwa hiyo nafunga inavyotakiwa. Serikali yetu ni sikivu. Viongozi wetu hawalali kwa ajili yetu. Majengo yao ni marefu, mihuri yao ni mingi, na Tume hii imeundwa na watu waadilifu waliokuja mara moja tulipoanza kufurahi.

Nevathelesi.